Anayeketi na Anayetembea: Maduka na Mitaa ya Biashara ya Dar es Salaam

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana ya methali hii inafahamika: bidhaa njema humvuta mnunuzi hata ikiwa imewekwa ndani kabisa ya duka, ilhali bidhaa duni hupitishwa nyumba kwa nyumba ikitafuta wa kuihurumia. Lakini tukiichukua methali hii tukaenda nayo katika mitaa ya Dar es Salaam, tutaona kwamba historia inaipinga. Katika mji huu, kwa muda mrefu, si uzuri wa bidhaa ulioamua ipi iketi na ipi itembee. Lililoamua ni mamlaka: nani alipewa kiwanja, nani alipewa leseni, nani aliruhusiwa kujenga kwa mawe, na nani aliachiwa kubeba mali yake kichwani.

Katika makala haya tunakusudia kuipitia mitaa ya biashara ya mji huo na kuieleza historia yake. Hatukusudii kuandika orodha ya maduka, maana orodha hiyo ingechakaa kabla ya kufika kwa msomaji. Tunataka kuonyesha kwamba duka, soko, kibanda na sinia la mchuuzi ni sehemu ya utamaduni wa taifa kama zilivyo ngoma na ngano, na kwamba ndani yake mna habari za mapambano ambayo hayajaisha.

Chimbuko la mji na maneno ya biashara

Kabla ya kuwapo Dar es Salaam palikuwapo Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima kando ya bahari. Wenyeji wake walikuwa na desturi ya gulio, yaani kukutana mahali maalumu kwa siku maalumu ili kuuziana mazao. Neno hilo lina asili ya Kibantu, kwa kuwa katika lugha zetu kadhaa kugula ni kununua. Maneno soko na duka yalitujia kwa njia ya bahari, pamoja na Waarabu na Wahindi. Hivyo tangu mwanzo msamiati wetu wa biashara unatofautisha mambo mawili: gulio, ambalo hukusanyika na kutawanyika, na duka, ambalo hufungwa mlango usiku na kufunguliwa asubuhi mahali pale pale.

Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga mji mpya karibu na Mzizima, akaupa jina lenye maana ya amani. Walihamia huko wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kiarabu, na Wazaramo wa vijiji vya jirani wakaleta nafaka, kuku na sandarusi. Majid alifariki mwaka 1870, na mji ukadorora. Uhai ulirudi pamoja na Wajerumani, waliofika mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamishia hapo makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo. Reli ya Kati iliyoanza kujengwa mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo, bidhaa iliyoshushwa bandarini iliweza kwenda hadi Ziwa Tanganyika, na Dar es Salaam ukawa mlango wa nchi nzima.

Mji uliogawanywa kwa maduka

Wajerumani walianza, na Waingereza wakakamilisha, kazi ya kuugawa mji katika sehemu tatu. Kanuni za ujenzi hazikutaja rangi ya mtu waziwazi kila mara. Zilitaja aina ya nyumba. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya nyumba za Kizungu. Ya pili ilikuwa ya nyumba za mawe za makazi na biashara. Ya tatu ilikuwa ya nyumba za miti na udongo. Kila mtu alielewa maana yake, na wananchi wakazitaja kwa majina yasiyoficha kitu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

Uzunguni barabara kuu ya maduka iliitwa kwa jina la mikakaya iliyopandwa kando yake, Acacia Avenue. Baada ya uhuru iliitwa Independence Avenue, na leo inajulikana kwa jina la Samora Machel, mkombozi wa Msumbiji. Humo ziliuzwa bidhaa za meli kwa watu wa meli: vinywaji, vitabu, saa, nguo za kukatwa Ulaya. Mwafrika aliyeingia humo aghalabu aliingia akiwa ametumwa.

Uhindini palikuwa na mtindo mwingine wa duka. Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja au mbili; chini biashara, juu familia. Juu ya baadhi ya nyumba hizo, mbele, wenye mali waliandika mwaka wa kujengwa na jina la ukoo. Mtaa ulijulikana kwa bidhaa yake: hapa masonara, pale wauza vitambaa, kule wauza viungo na nafaka. Mwenye duka alikaa kwenye kiti karibu na mlango, akiwa ameyaweka macho yake mahali pawili kwa wakati mmoja, yaani kwenye sanduku la fedha na kwenye barabara. Tusisahau kwamba wengi wa watu hawa hawakuwa matajiri. Walikopeshwa bidhaa na wakubwa wao wa jumla, wakauza rejareja kwa faida ndogo, na watoto wao wakakua wakizungumza Kiswahili cha dukani, ambacho ni Kiswahili kama kingine chochote.

Uswahilini, Mwafrika alikuwa na nyumba lakini hakuwa na mtaji. Katika miaka ya kati ya vita viwili vikuu sheria ya kikoloni iliweka kizuizi juu ya kumkopesha Mwafrika: mfanyabiashara aliyempa bidhaa kwa mkopo bila idhini ya serikali hakuweza kudai deni lake mahakamani. Ilisemwa kwamba sheria hiyo ilikuwa ya kumlinda mwenyeji asiangamie katika madeni. Tokeo lake lilikuwa kwamba mwenyeji hakuweza kuanzisha duka la maana, kwa sababu hapana duka duniani linaloanza bila mkopo. Aliyelindwa hivyo alibaki akitembeza karanga.

Kati ya Uhindini na Uswahilini uliachwa uwanja mtupu, ambao wananchi waliuita Mnazi Mmoja. Uwanja huo haukuachwa kwa ajili ya kupunga upepo. Ulikuwa mpaka.

Kariakoo: mtaa uliopewa jina la wapagazi

Ng'ambo ya Mnazi Mmoja palikuwa na shamba la minazi ambalo Wajerumani walikusudia kuligeuza kuwa makazi ya Waafrika. Vita ya Kwanza ya Dunia iliwakuta katikati ya shughuli hiyo. Waingereza waliutwaa mji mwezi wa Septemba mwaka 1916, wakaweka katika eneo hilo kambi ya wapagazi wa jeshi lao. Kikosi hicho kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Vinywa vya Waswahili vikalilainisha jina hilo likawa Kariakoo.

Yafaa tutue kidogo hapa. Wapagazi hao walichukuliwa kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki, wengi wao kwa nguvu. Walibeba risasi, unga na majeruhi katika mapori yasiyo na njia, na makumi ya maelfu yao walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha sanamu ya askari wa shaba katikati ya maduka ya Uzunguni, mahali ambapo zamani palikuwa na sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann. Askari yule angali amesimama pale na bunduki yake. Mpagazi si yeye aliyesimama pale juu. Kumbukumbu yake kubwa ni jina la mtaa, na mtaa wenyewe ni soko. Kila anayesema anakwenda Kariakoo kununua sufuria anawataja watu wale, ingawa hajui kwamba anawataja.

Mwaka 1923 soko lilifunguliwa hapo, katika jengo ambalo Wajerumani walikuwa wamelianza kabla ya vita. Kulizunguka kukakua mitaa iliyonyooka yenye majina ambayo peke yake ni somo la historia: Kongo, Nyamwezi, Pemba, Swahili, Sikukuu, Mchikichi, Mkunguni, Narung'ombe. Humo zilijengwa nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma, na baraza mbele.

Baraza hiyo ndiyo iliyokuwa duka la kwanza la Mwafrika wa mjini. Asubuhi mama mwenye nyumba aliweka hapo vitumbua na maandazi. Adhuhuri fundi cherehani aliyepanga chumba cha mbele alitoa mashine yake akashona. Jioni palikuwa na samaki wa kukaanga, na usiku taa ya kibatari ikamulika mafungu ya karanga. Barazani hapakuwa na kodi ya duka, wala mlango wa kumzuia mtu. Mnunuzi alikaa, akauliza habari za nyumbani, ndipo akauliza bei. Kutoka hapo tulipata pia genge, neno lenye maana ya kundi la watu, ambalo lilikuja kutumika kwa kibanda cha nyanya, vitunguu na mkaa kilicho karibu na nyumba za wafanyakazi. Hata leo mtoto hutumwa gengeni kwanza, na sokoni baadaye.

Mahali watu wanapokutana kwa biashara hukutana pia kwa fikra. Mwaka 1934 Erica Fiah, mwenye duka aliyetoka Uganda, alianzisha mjini chama cha kutetea maslahi na biashara ya Waafrika, na mwaka 1937 akaanza kutoa gazeti la Kwetu. Katika miaka ya 1950 msimamizi wa soko la Kariakoo alikuwa Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU, na miongoni mwa wazee wa chama hicho alikuwamo Mshume Kiyate, mfanyabiashara wa samaki katika soko hilo hilo. TANU yenyewe ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika New Street, ambao sasa ni Mtaa wa Lumumba, hatua chache kutoka kwenye mafungu ya ndizi. Hatusemi kwamba soko ndilo lililoleta uhuru. Tunasema kwamba uhuru ulipotafuta mahali pa kukaa, ulikaa miongoni mwa wachuuzi.

Mtaa wa khanga

Mtaa wa Kichwele, uliotoka Uhindini ukapita Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo, ulipewa baada ya 1961 jina la Uhuru. Jina hilo lilistahili, maana barabara hiyo iliunganisha kilichokuwa kimetengwa. Tena ndio mtaa wa khanga.

Khanga ilianza katika pwani yetu katika karne ya 19, wanawake walipoungaunga leso zilizoletwa na wafanyabiashara wakapata nguo pana. Baadaye ikachapwa kwa kuagizwa, na kwa miaka mingi ilitoka viwanda vya ng'ambo, Ulaya, India na Japani. Utaona hapo ushirikiano wa ajabu: mnunuzi Mswahili aliamua rangi, mji na pindo, na maneno yaliyoandikwa, mwenye duka wa Kihindi aliyasikiliza maneno hayo akayapeleka kiwandani. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, khanga ilianza kutoka katika ardhi yake yenyewe.

Anayetaka kujua namna duka linavyoweza kuwa shule na asimame katika mtaa huo kabla ya sikukuu. Khanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili visivyokatwa, na hutundikwa toka darini hata mlangoni. Mwanamke anayenunua hatazami rangi kwanza. Anasoma. Atamwomba muuzaji ashushe doti ya tatu, aikunjue, na atasoma tena, kwa kuwa anamnunulia wifi yake, au jirani, au mkwe, na neno lisilofaa linaweza kuvunja nyumba. Muuzaji mzuri hujua hayo. Humwuliza mteja ampelekea nani kabla ya kumwuliza ana shilingi ngapi.

Baada ya uhuru

Uhuru ulileta swali lililokuwa limeahirishwa: nani sasa ataketi dukani? Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilijibu kwamba ni umma. Makampuni makubwa ya biashara ya jumla yalitaifishwa mwaka huo, na Shirika la Biashara la Taifa likaundwa. Mwaka 1971 majengo makubwa ya kupangisha yalichukuliwa na serikali na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Nyumba nyingi za Uhindini zikapata mwenye mali mpya, na baadhi ya familia zilizokaa juu ya maduka yao zikaondoka nchini.

Kariakoo ilipewa alama yake kubwa wakati huo. Jengo la zamani lilibomolewa, na mahali pake Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, akabuni soko la saruji ambalo paa lake ni mfano wa miavuli mikubwa iliyogeuzwa juu chini ili kukinga maji ya mvua. Shirika la kuliendesha liliundwa kwa sheria mwaka 1974, na soko likafunguliwa na Rais Nyerere mwaka 1975. Ndani yake biashara ilipangwa kwa ngazi, na chini ya ardhi, katika sehemu ambayo wananchi waliiita shimoni, mazao yaliuzwa kwa jumla. Kwa mara ya kwanza mchuuzi wa bamia wa Kiafrika alijengewa jumba lenye hadhi kuliko benki nyingi.

Lakini ukweli lazima usemwe wote. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi kabla maduka ya ushirika hayajawa tayari kuchukua nafasi yao. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na upungufu wa fedha za kigeni vikazidisha dhiki. Mji ukajifunza neno foleni. Watu walipanga mawe na vikapu mahali pao alfajiri, na bidhaa zikapita mlango wa nyuma kwa jina la magendo. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako dhidi ya wahujumu uchumi. Mwaka 1984 ikaruhusu watu wenye fedha za kigeni kuleta bidhaa, na baada ya hapo rafu zilianza kujaa. Funzo la miaka ile, kwa maoni yetu, si kwamba lengo la haki lilikuwa baya. Duka ni uhusiano kati ya watu: mwenye duka amjuaye mteja, na mteja aaminiwaye hata mwisho wa mwezi. Uhusiano huo haujengwi kwa amri, na ukivunjwa kwa amri huchukua miaka kuurudisha.

Kurudi kwa mpagazi

Rafu zilipojaa, vijana walikuja. Wengi wa wale wa kwanza walitoka mikoa ya kusini, na wenyeji wakawaita Wamachinga kwa jina la kabila moja la Lindi. Baadaye jina hilo likamwelea kila mchuuzi wa barabarani, awe ametoka Lindi au Mwanza. Machinga hana duka. Mabega yake ndiyo duka. Huning'iniza mikanda, soksi na mashati, na hutembea kutwa. Tukimtazama katika Mtaa wa Kongo hatuna budi kukumbuka jina la mahali alipo. Mpagazi amerudi Kariakoo, ila safari hii anabeba mali yake mwenyewe.

Kadhalika Kariakoo imezaa watu wengine. Yupo winga, jina lililotoka katika mpira wa miguu, ambaye hana bidhaa hata moja, lakini hujua kila duka lina nini na humwongoza mgeni hadi kwa muuzaji. Ipo kilemba, ambayo katika mila ni heshima apewayo mjomba au mwalimu, na ambayo sasa ni fedha anayotoa mtu ili aachiwe fremu ya duka. Neno la heshima limekuwa neno la gharama, na mwenye mtaji mdogo hawezi kuilipa. Basi yeye hutembea.

Nyumba za Kiswahili zimekuwa zikibomolewa moja baada ya nyingine, na maghorofa ya maduka na stoo yakasimama mahali pake. Wanunuzi huja kutoka Zambia, Kongo, Malawi na Komoro. Utajiri huo ni wa kweli, lakini umekuja na hatari. Julai 2021 moto uliliunguza soko kuu, na kazi ya kulikarabati na kujenga jengo jingine ikafuata. Mwaka huo huo wamachinga waliondolewa kando ya barabara nchini kote wakapangiwa maeneo mengine, na wengi walilalamika kwamba huko hakupiti mteja. Novemba 2024 ghorofa moja la Kariakoo liliporomoka likaua watu zaidi ya ishirini, miongoni mwao watu waliokuwa kazini.

Hitimisho

Sensa ya 1967 ilihesabu Dar es Salaam watu wapatao 273,000. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni tano. Hapana mtu mwenye akili atakayedai mji wa namna hiyo uendelee kuuziana barazani peke yake. Hata hivyo mpango wowote wa mji ni jibu la swali lile lile la zamani, nani aketi na nani atembee. Na anayepanga bila kuijua historia anaweza kuchora tena, kwa wino mpya, mpaka ule ule wa Mnazi Mmoja.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, majina ya mitaa ya Kariakoo yatunzwe, na maana zake zifundishwe shuleni. Pili, walau nyumba chache za Kiswahili zenye baraza, na chache za Uhindini zenye miaka iliyoandikwa juu, zihifadhiwe zikiwa na biashara ndani yake, si tupu kama makaburi. Tatu, katika soko au jengo lolote linalojengwa kwa fedha ya umma, sakafu ya chini, ile ambayo miguu ya watu huipita, itengewe mwenye mtaji mdogo kabla ya mwenye mtaji mkubwa.

Methali ya wahenga ibaki, maana ina hekima yake. Lakini tunapomwona kijana akitembeza mashati juani, tusiwe wepesi wa kusema kwamba kibaya kinajitembeza. Tuulize kwanza ni nani aliyekalia kiti.